Profesa Odhiambo, Nzige na Kayongo



Anayevuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita hufika mji wenye kituo cha utafiti wa wadudu. Kituo hicho kina jina la Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2003. Jina wengi wanalijua. Kazi yake darasani na maabarani haijulikani sana.

Odhiambo alisoma Makerere, kisha Cambridge, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka 1965. Alichunguza homoni za nzige wa jangwani: tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo, na jinsi inavyogusa uzazi wa dume. Mtu angeuliza, hayo yanamsaidia nini mkulima wa Rusinga? Jibu lilichukua muda.

Aliporudi kufundisha Nairobi, hakutaka kijana Mwafrika alazimike kwenda ng'ambo kila anapohitaji maabara nzuri. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science kwamba Afrika Mashariki inahitaji vituo vyake vya utafiti wa hali ya juu. Mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, na wanakemia mashuhuri wa nje, kama Koji Nakanishi na Jerrold Meinwald, wakaja kushirikiana naye. Aliongoza ICIPE hadi 1994.

Sasa tuje shambani. Kayongo mnamjua: maua mazuri ya zambarau, mahindi yamedumaa. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni miaka mingi. Kung'oa kwa mkono pekee ni kuchoka bure. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Mbita wakiongozwa na Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walipata njia ya sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu hufukuza nondo wa funza wa mabua. Ya nepia huwavuta nje. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali zinazoamsha mbegu ya kayongo, kisha kuizuia isishike mzizi wa mahindi. Huota, hukosa chakula, hufa.

Hiyo ni kemia tupu, ingawa hakuna chupa ya dawa.

Lisisemwe jambo hili kuwa rahisi. Mbegu ya desmodiamu ni ghali kwa wengi, na msimu wa kwanza palizi huhitaji uangalifu, maana miche yake michanga hufanana na magugu. Ikishashika, hukaa miaka kadhaa bila kupandwa upya, na ng'ombe huipenda. Anayetaka kujaribu aanze na kipande kidogo, kile chenye kayongo mwingi zaidi, na amwone afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya mvua kuanza.