Ekari Hazifanani: Ardhi ya Mazoezi ya Jeshi na Daftari la Chama cha Msingi
(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tunduma)



Daftari la wanachama wa chama cha msingi huwa na safu ya jina, safu ya hisa na safu ya ekari. Mwanachama mwenye ekari nne za udongo mwekundu katika uwanda wa juu wa Mbozi, na mwenzake mwenye ekari nne za mbuga nyeusi katika bonde la Momba, huandikwa sawasawa. Na pengine hukopeshwa mbolea sawasawa. Ikiwa shamba la mmoja wao limepakana na eneo la mazoezi ya jeshi, au limeingia ndani yake bila mwenyewe kutambua, daftari halisemi neno. Chama hugundua siku ya kudai deni.

Kosa hili la kuhesabu ekari bila kuzijua liliwahi kuyasumbua majeshi pia, na namna yalivyojisahihisha yafaa isikilizwe na wanaushirika.

Jeshi likiwa vitani hupita. Jeshi likiwa mazoezini hurudi pale pale mwaka baada ya mwaka: magari mazito, mahandaki, kulenga shabaha, mioto ya kupikia. Hakuna ardhi inayostahimili yote hayo kwa kiasi kimoja. Hivyo wataalamu hutazama kwa pamoja mwamba, mwinuko, udongo, maji na mimea, kisha huligawa eneo katika sehemu ambazo kila moja ina tabia yake. Ndipo huamuliwa magari yapite wapi na miezi gani, askari wa miguu wajifunze wapi, na sehemu ipi ipumzishwe. Huo ndio uainishaji wa ardhi kwa ikolojia.

Elimu hii ina mizizi yake karibu na hapa. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alieleza kwamba aina za udongo kutoka kileleni hadi bondeni hufuatana kwa utaratibu, na utaratibu huo hujirudia kilima baada ya kilima. Aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Ajuaye sehemu moja ya mnyororo aweza kukisia inayofuata. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi iitwayo Zambia leo, Colin Trapnell alizunguka miaka ya 1930 akichunguza miti na majani, na mazao ambayo wakulima walipanda penye mimea ya namna hiyo. Nako Mbozi kwenyewe, Gregory Knight alichunguza kilimo cha Wanyiha na kuchapisha kitabu mwaka 1974, akaonyesha kwamba wakulima hao walikuwa na majina na vipimo vyao vya kuitambua ardhi. Mzee wa Kinyiha hakuhitaji kuelezwa katena. Aliijua kwa jembe.

Jeshi liliichukua elimu ya namna hiyo kwa shida zake lenyewe. Katika miaka ya 1960 kituo cha majaribio cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, kikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, kilitaka kujua mapema gari litapita wapi na litakwama wapi katika nchi ambayo askari hawajaifika. Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi zilizofanyiwa kazi hiyo. Ramani na maelezo ya aina za ardhi yake vilitolewa mwaka 1969. Shabaha wakati huo ilikuwa gari lisikwame. Swali la pili, yaani ardhi itabaki na hali gani baada ya gari kupita, lilikuja kupewa uzito baadaye. Huko Alaska, Marekani, uchunguzi wa ikolojia wa eneo la jeshi la Fort Wainwright ulitolewa mwaka 1999. Chini ya sehemu ya ardhi ile mna barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Majani ya juu yakichunwa, barafu huyeyuka na ardhi hudidimia. Ramani huonyesha mahali pa kuepuka.

Songwe haina barafu, ila ina mbuga. Mwezi Agosti mbuga hupasuka na kuwa ngumu kama tofali, na lori hupita bila taabu. Mwezi Februari lori hilo hilo huacha mitaro ambayo maji huifuata, na mtaro ukifuata mteremko haukawii kuwa korongo. Juu penye miombo hatari ni nyingine: moto. Nyasi zikichomwa mapema, Mei au Juni, zingali na unyevu, moto huwa mdogo. Moto wa Septemba au Oktoba hupanda mitini. Kwenye vyanzo vya vijito hapafai gari wala moto wakati wowote. Haya ni kweli kwa gari la jeshi, na ni kweli pia kwa trekta na kwa ng'ombe wa wanachama, jambo ambalo halipendwi kusemwa mikutanoni.

Wasiosadiki na watazame Kenya. Mwezi Machi 2021, huko Lolldaiga, Laikipia, moto uliozuka wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza uliteketeza zaidi ya ekari 10,000, na wakazi wa jirani wakaenda mahakamani. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa paundi zipatazo milioni 4.5 kwa watu 228 wa sehemu za Archers Post na Dol Dol, kwa ajili ya vifo na majeraha yatokanayo na risasi na mabomu yaliyosalia ardhini. Wengi walikuwa wafugaji na watoto wao. Mtoto akiokota chuma kinachong'aa hafikirii fidia.

Sasa, chama cha msingi hakina amri juu ya kikosi chochote, wala hakipaswi kutuma vijana wake waingie eneo la jeshi kupima mipaka. Ni kosa, na ni hatari. Mpaka huonyeshwa na wapima ardhi wa Serikali. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji kazi ya kuukubali. Humo ndimo wanachama wana sauti. Katibu afikaye mkutanoni akiwa na orodha ya mashamba yaliyo mpakani, na aina ya ardhi ya kila moja, husikilizwa kuliko anayefika na malalamiko. Makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, nayo hulima. Afisa kilimo wa kambi na wakulima jirani huweza kukuta wana korongo moja linalowala wote wawili, na wakalizibe pamoja kupitia halmashauri ya wilaya.

Kazi yenyewe si kubwa. Katika daftari, baada ya safu ya ekari, ichorwe safu mbili. Ya kwanza iandikwe aina ya ardhi kwa jina linalotumiwa na wenyeji, iwe Kinyiha, Kinyamwanga au Kiswahili, pamoja na mahali shamba lilipo: mgongoni, mteremkoni au mbugani. Ya pili iandikwe limepakana na nini. Katibu asiijaze ofisini. Atembee na mzee wa kitongoji na mwenye shamba. Safu hizo zikamilike kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa maombi ya mbolea yataandikwa kwa kufuata safu hizo, na shamba ambalo mpaka wake na eneo la jeshi haujathibitishwa lisihesabiwe katika mkopo hadi mpima ardhi afike.