Habari za Konventi ya Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam



Mababa mapadre, masista, waalimu wenzetu, nanyi wazee, akina mama na vijana wa parokia zetu: sisi makatekista tumeombwa kusema maneno machache juu ya shule ya zamani iliyo kando ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, mbele ya bandari. Wengi wenu mwapita pale mkienda kivukoni, wala hamjui habari zake. Jubilei ni wakati wa kushukuru. Walakini mtu hawezi kushukuru kwa jambo asilolijua. Basi tutaeleza kwanza mambo yalivyokuwa, kisha tutasema yatupasa nini.

Mwanzo wa kazi ya masista haukuwa bandarini, ulikuwa Pugu. Mwaka wa 1887 Roma iliwakabidhi Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, wa Ujerumani, kazi ya Injili katika nchi hizi za kusini. Mwaka wa 1888 wakajenga misioni yao katika vilima vya Pugu. Padre na mabradha hawakuja peke yao. Masista wanne walikuja pamoja nao. Wakapokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawalea na kuwafundisha.

Muda si muda vita vya Abushiri na Wadachi vikawaka pwani yote. Tarehe 13 Januari 1889 misioni ya Pugu ilishambuliwa ikachomwa moto. Sista Martha Wansing akauawa pamoja na mabradha wawili. Wengine wakachukuliwa mateka, wakatolewa baadaye kwa fidia. Hivyo waliokuja kuwakomboa wengine wakahitaji kukombolewa wenyewe. Hata hivyo kazi haikuachwa. Misioni ikahamia mjini, na mwaka wa 1897 ukaanza ujenzi wa Kanisa Kuu, ukamalizika mwaka wa 1902. Miaka mitatu baadaye, katika vita vya Maji Maji, Askofu Cassian Spiss aliuawa safarini upande wa Liwale, pamoja na mabradha wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Tunapotaja majina ya maaskofu katika sala zetu, tusiwasahau wanawake hawa.

Ikaja vita kuu ya mwaka 1914. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na Wabenediktini, kwa kuwa walikuwa Wadachi, wakaondolewa katika nchi. Mwaka wa 1921 wakaja Wakapuchini wa Uswisi kushika mahali pao, na pamoja nao masista wa Baldegg. Masista hao ndio walioendesha Konventi ya Mtakatifu Yosefu kwa miaka mingi. Wenzao walikwenda bara, Mahenge na Ifakara, wakauguza wagonjwa na kufundisha.

Hapa yatupasa kugeuza macho kidogo tutazame Kariakoo, maana habari za shule hii hazieleweki bila habari za mtaa ule. Vita ile ile iliyowaondoa Wabenediktini ndiyo iliyoupa mtaa jina. Waingereza waliweka pale kambi ya wapagazi wao, kikosi walichokiita Carrier Corps, na vinywa vya watu vikalifanya neno hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na makumi elfu wakafa kwa njaa, homa na kuhara. Baada ya vita mahali pale pakawa mtaa wa Waafrika na soko lao. Kati ya mtaa huo na mji wa Wahindi na Wazungu paliachwa uwanja wazi, Mnazi Mmoja, kuwa mpaka.

Kutoka soko la Kariakoo hata Konventi ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini serikali ya siku zile iligawa elimu kwa rangi: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Watoto wengi wa Konventi walikuwa Wagoa, Wahindi na Wazungu. Binti wa mpagazi aliweza kusali katika Kanisa Kuu siku ya Jumapili, kisha Jumatatu akapita mlango wa shule ya jirani bila kuingia. Hatusemi haya kuwashutumu masista, maana hawakutunga sheria ile. Twayasema kwa sababu jubilei isiyosema kweli ni sherehe ya chakula tu.

Mambo yalibadilika baada ya Uhuru. Tangu Januari 1962 mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa kwa sheria. Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, iliyotia shule za misioni chini ya serikali. Kiongozi wa nchi wakati ule, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki, tena alikuwa amefundisha katika shule ya misioni, St Francis College ya Pugu, mpaka mwaka 1955. Alijua thamani ya shule zetu. Alijua pia kwamba watoto wengi wa nchi, Waislamu na Wakristu, walikuwa nje ya milango yake. Konventi ikaitwa Forodhani, kwa neno forodha. Vivyo hivyo Marian College ya Morogoro, iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll wa Marekani, ikawa Kilakala.

Wapo waliohuzunika sana, na huzuni yao ilikuwa ya haki. Jasho la watu lilikuwa katika kuta zile. Lakini tupime mambo kwa mizani mbili. Kanisa lilipoteza nyumba, na mtoto wa Kariakoo akapata dawati. Tena masista waliokuwa wamefundisha hawakupoteza walichokifundisha, kwa kuwa elimu iliyokwisha kuingia kichwani mwa mtu hairudishwi kwa sheria. Miaka ikapita, na majengo yale yakarudi mikononi mwa Kanisa, na jina la Mtakatifu Yosefu likarudi pamoja nayo.

Sasa ndugu wapenzi, swali limerudi nalo. Mlango ule wa kwanza ulifungwa kwa rangi. Leo rangi haizuii mtu, lakini shule zetu za Kanisa zina ada, na ada nayo ni ukuta. Binti wa mama auzaye mchicha sokoni, au wa baba asukumaye mkokoteni Msimbazi, bado yuko mwendo wa nusu saa tu. Je, aweza kuingia?

Hatusemi shule ziendeshwe bure. Waalimu hula, na paa huvuja. Twasema hivi: kila jumuiya ndogo ndogo itazame kati yake binti mmoja mwenye akili na bidii ambaye wazazi wake wameshindwa, imsaidie mpaka amalize. Wengi wakitoa kidogo kidogo kila mwezi, haba na haba hujaza kibaba. Nasi waalimu tusimwite mtoto mzembe kabla hatujauliza alilala wapi na alikula nini.

Masista wanne wa Pugu hawakuwa na majengo makubwa. Walianza na watoto ambao hakuna mwingine aliyewataka, na hilo ndilo jiwe la msingi wa habari hizi zote. Tukiwajengea mnara na kuwasahau watoto wa namna hiyo, hatujaiadhimisha jubilei yao.

Mungu awape pumziko la milele waliotutangulia, atupe nasi moyo wa kufungua milango. Amina.