Fundo hufunguliwa, halikatwi

Ndugu msikilizaji, juma lililopita mama alikuja kutoka kijijini na gunia la viazi lililofungwa kwa kamba ya katani. Fundo lilinishinda, nikaagiza kisu. Mama akanizuia. "Ukiikata, kesho utafungia nini?" Akaketi, akalilegeza taratibu, kamba ikatoka nzima.

Nikakumbuka somo la Kifaransa nililolipata nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari. Fundo kwa Kifaransa ni nœud, na ile d ya mwisho haitamkwi. Asili yake ni neno la Kilatini, nodus. Wafaransa wamelitumia neno hilo kila mahali. Tai ya kipepeo ni nœud papillon. Kitanzi ni nœud coulant, yaani fundo linaloteleza. Mahali njia nyingi za reli zinapokutana ni nœud ferroviaire. Baharini nœud ni kipimo cha mwendo: mabaharia wa zamani walitupa majini kamba yenye mafundo, wakahesabu mangapi yamepita mkononi kabla mchanga wa kwenye kioo haujaisha. Fundo moja ni mwendo wa mita 1,852 kwa saa. Hata mtu aliyeshikwa na kilio, Wafaransa husema koo lake limefungwa fundo.

Lakini lililonigusa zaidi ni la jukwaani. Katika tamthilia zao za kale, mahali mambo yanapotatizika huitwa nœud. Mwisho wake, mambo yanapotengemaa, huitwa dénouement, yaani kufungua fundo. Angalieni, hawakusema kulikata.

Kukata nako wana neno lake, trancher. Hulitumia wanapomtaja Aleksanda Mkuu, ambaye mwaka 333 kabla ya Kristo alifika Gordion, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Hapo palikuwa na fundo ambalo, kwa mujibu wa hadithi, atakayelifungua ataitawala Asia. Yeye akachomoa upanga, akalikata. Asia aliipata, lakini miaka kumi baadaye alifariki dunia, na majemadari wake wakaigawana himaya vipande vipande.

Sisi Waswahili tunasema mtu ana fundo moyoni. Mimi ninalo. Kaka yangu, tumbo moja, hatujasemezana miaka minne kwa ajili ya kiwanja alichotuachia marehemu baba. Kila mmoja anayo haki yake na mashahidi wake. Mimi ndiye niliyeshika kisu siku ile. Nilisema mbele ya wazee kwamba tangu hapo sina kaka. Nilidhani nimemaliza maneno. Kumbe kamba iliyokatwa, ukitaka kuiunga, lazima upige fundo jingine, na haiwi ndefu kama mwanzo.

Ndugu msikilizaji, huenda nawe una kesi ya mirathi, au jirani msiyesalimiana kwa sababu ya mpaka. Kufungua kunachosha. Kunataka kukaa chini, kutafuta ncha ilipoingilia, na kuumia kucha. Kisu ni rahisi, lakini baadaye kamba tunaihitaji, hasa siku ya msiba.

Jumapili nitapanda basi niende kwa kaka. Kiwanja tutakizungumza baadaye. Nitaanza na shikamoo.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.