Kuchagua Taa za LED kwa Tangi Dogo la Samaki Lenye Mimea: Mambo ya Kuzingatia Gitega na Muyinga



Walimu wenzangu wa Gitega na Muyinga, tangi mnaloliona mezani lina urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30. Zidisheni mtapata lita 54. Tukiondoa udongo, mawe na nafasi iliyoachwa juu, maji yanabaki kama lita 45. Ni tangi linalotosha kwenye kona ya darasa, na ndilo nitakalolizungumzia.

Nchi yetu ina jina kubwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, lakini kwa matangi ya namna nyingine. Tangu miaka ya 1970 Pierre Brichard alisafirisha kutoka Bujumbura samaki wa Ziwa Tanganyika, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, amebeba jina lake. Wafanyabiashara humwita binti mfalme wa Burundi. Samaki hao ni wa miamba na maji yenye chokaa nyingi, na taa hafifu inawatosha. Tangi la mimea ni jambo jingine. Samaki unamtupia chakula kwa mkono, lakini mmea utaulisha kwa taa tu.

Hoja yangu ni hii: tangi dogo halihitaji taa kali. Linahitaji taa ya wastani inayowaka saa zilezile kila siku. Sharti la kwanza ni rahisi kulitimiza. La pili, kwa umeme wetu, ndilo linalotushinda.

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe. Kwa tangi langu la kwanza nilinunua taa ya wati 50, ya zile zinazofungwa nje ya ukuta kumulika ua. Niliamini kwamba mwanga ukizidi, mimea itakua upesi. Wiki ya tatu maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa sombe, na majani yamevaa nyuzinyuzi za mwani. Wanafunzi waliniuliza kama samaki bado wamo. Nilichokuwa nimesahau ni somo ninalolifundisha kila mwaka: usanisinuru unahitaji mwanga, kabonidioksidi na virutubisho kwa pamoja, na kinachopungua ndicho kinachoweka kikomo. Kabonidioksidi ndani ya maji yaliyotulia ni kidogo. Mwanga ukizidi kiasi ambacho mimea inaweza kukitumia, ziada hiyo inachukuliwa na mwani, ambao hauna mizizi wala shina la kulisha na huridhika na kidogo.

Basi taa inunuliwe kwa kipimo gani? Si kwa wati. Wati zinakueleza taa inakula umeme kiasi gani, hazikuelezi inatoa mwanga kiasi gani. Soma lumeni kwenye boksi. Kwa mimea isiyo na makuu, na bila kuongeza gesi ya kabonidioksidi, mimi huanza na lumeni 20 kwa kila lita. Lita 45 zinataka lumeni 900. Taa ya LED yenye ubora wa kawaida hutoa lumeni 90 hivi kwa wati moja, kwa hiyo wati 10 zinatosha. Linganisheni na zile 50 zangu.

Lumeni nazo zina kasoro, na napenda tuielewe vizuri kwa sababu ni somo zuri la darasani. Kipimo hiki kiliundwa kwa jicho la binadamu, ambalo mchana huona vizuri zaidi rangi ya kijani, karibu na nanomita 555. Klorofili inapenda pande mbili za mbali: buluu karibu na nanomita 430 hadi 450, na nyekundu karibu na 640 hadi 660. Ndiyo maana taa za zambarau zinazouzwa kwa ajili ya mimea huonyesha lumeni chache ilhali mmea unashiba. Hata hivyo sizipendekezi kwa darasa. Chini yake jani la kijani linaonekana jeusi, na mtoto hawezi kutambua kama mmea umeanza kuwa wa njano kwa kukosa chuma. Taa nyeupe yenye kelvini 6500, inayokaribia mwanga wa mchana, ina buluu na nyekundu ya kutosha, na macho yanaona ukweli.

LED nyeupe yenyewe, kwa kweli, ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano na nyekundu. Kupata ile buluu ndiko kulikokuwa kugumu, na mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa kazi hiyo. Mjapani mwingine mwenye jina la Amano, Takashi, mpiga picha aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyewafundisha watu duniani kupanga bustani ndani ya tangi. Kila ninapowasha taa hii nawakumbuka Amano wote wawili.

Sasa nije kwenye saa. Hapa Gitega tuko kama nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, na kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka tofauti haifiki nusu saa. Mimea ya kwetu imezoea utaratibu huo. Tangi halihitaji saa kumi na mbili zote. Saa nane zinatosha, na tangi jipya lianze na sita. Ukiwasha na kuzima kwa mkono utasahau, hasa siku za mapumziko. Ukinunua kifaa cha kupangia saa, angalia ni cha aina gani. Kile cha kuzungusha kwa meno kinaendeshwa na umeme wa ukutani wenyewe. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nacho kinasimama saa tatu, na tangu siku hiyo taa itawaka ikiwa imechelewa saa tatu. Mwezi wenye kukatika mara nyingi unaikuta taa inawaka usiku wa manane darasani pasipo mtu. Chukueni chenye betri ndogo ndani, kinachoendelea kuhesabu gizani.

Mradi wa Rusumo wa megawati 80, tunaogawana na Rwanda na Tanzania, na mtambo wa jua wa Mubuga wa megawati 7.5, vimeongeza umeme nchini. Lakini shule iliyo mbali na nguzo, au inayokatiwa mara kwa mara, isisubiri. Taa ya wati 10 kwa saa nane inakula wati-saa 80. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 ina wati-saa 240; ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata 120, yaani siku moja na nusu. Paneli ya wati 30 inairudishia siku ya jua. Kwa wenzetu wa Muyinga huu ndio mpango ninaoupendelea, maana utepe wa LED wa volti 12 unaungwa moja kwa moja bila kubadili umeme.

Hata penye umeme wa gridi, nunueni taa yenye adapta ya volti 12 iliyo pembeni. Volti 220 zisikae juu ya maji yanayoguswa na watoto. Tafuteni alama ya IP65 au zaidi, na waya uache ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni. Umeme unaporudi kwa kishindo, kinachoungua kwa kawaida ni adapta. Ikiwa iko nje, utabadilisha hiyo peke yake.

LED haipashi maji joto kama balbu za zamani. Gitega kuna baridi, kwa hiyo chagueni samaki wanaovumilia nyuzi 20 hadi 22. Kwa mimea, Anubias na Vallisneria zote zinaridhika na mwanga tuliosema. Vallisneria inaota pia Tanganyika.

Taa ikizidi nguvu, msiitupe. Inueni sentimita 15 zaidi, au funikeni sehemu ya maji kwa mimea inayoelea. Hiyo ikijaa, ikausheni juani na kuifanya mbolea, isimwagwe mtaroni. Maji ya mto Ruvyironza yanaingia Ruvubu, Ruvubu inaingia Kagera, na Kagera inaishia Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wanahangaika na magugu maji tangu mwisho wa miaka ya 1980.

Baada ya chai tutazima taa hii, tusogeze tangi karibu na dirisha la mashariki, na kila kundi lipime mwanga kwa simu: juu ya maji, kisha chini ya jani la Anubias. Kundi la Muyinga litaanza, kwa sababu wana safari.