Mkaa, Gesi na Baridi ya Njombe

Msikilizaji, Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono. Moshi wa kuni na mkaa unaua.

Lakini twende Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, jioni ya Julai. Maharage yameiva, sufuria imeepuliwa, na watoto bado wamelizunguka jiko la mkaa wanaota moto. (Tafadhali, msilale nalo ndani, hewa yake huua kimyakimya.) Gesi ukiizima, joto nalo limekwisha.

Mwaka 1871 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba thamani ya kitu hutokana na manufaa anayoyaona mtumiaji katika nyongeza ya mwisho ya kitu hicho. Mama wa Njombe hupiga hesabu hiyo kila jioni: mkaa wake unampa chakula na joto kwa bei moja. Na pale Makambako, mkoani humohumo, mkaa unauzwa hata kwa kopo, kadiri ya kilichopatikana leo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unataka fedha yote kwa mkupuo. Kumwita mtu huyu mgumu wa kuelewa ni kumwonea.

Tukitaka abadilike, gesi iuzwe kwa kipimo, alipie anachotumia. Na katika mkoa wenye mbao tele kama Njombe, nyumba zisaidiwe kupata dari zinazotunza joto.