Safari ya Kikundi Huanza Kabla ya Kupanda Gari

*Hotuba iliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Shieywe, Kakamega*

 

Nimeombwa niseme juu ya safari. Najua wengine wenu mnajiuliza, "Huyu mama anataka kutufunza kula pesa za kikundi barabarani?" Hapana. Nataka kuwaambia jinsi pesa zinavyoliwa barabarani, kwa sababu zetu ziliwahi kuliwa, na mweka hazina nilikuwa mimi.

Kikundi chetu kilikuwa na wanachama 22. Mwaka mmoja tuliamua kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi. Uamuzi ulifanywa kwa furaha baada ya ibada, watu wakipiga makofi. Hakuna aliyeandika kitu. Nikatoa shilingi 40,000 katika sanduku letu, nikampa mwenye gari zote kwa mkupuo mmoja. Risiti? Hakuna. Nilisema, si tunajuana?

Siku ya safari gari lilichelewa saa tano. Lilipokuja, tairi zilikuwa laini kama kiganja changu. Mbele ya Jinja likakwama usiku. Mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alikuwa ameacha dawa nyumbani, na chakula kilikuwa kimekwisha. Tulikaa kando ya barabara tukimpepea na kumwombea mpaka msamaria fulani alipomchukua kwa gari lake hadi hospitali. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini Misa ilikwisha bila sisi. Tuliporudi nyumbani, swali la kwanza lilikuwa, "Mama, zile 40,000 zilitumikaje?" Sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Wanachama saba walitoka. Miezi mingi hatukukutana. Sikuiba hata senti moja, jamani, lakini mtu asiye na karatasi na mwizi hufanana.

Kwa hivyo neno langu leo ni hili: safari ya kikundi ni mradi kama mradi wa kuku au wa mboga. Ina matayarisho, ina hesabu na ina mavuno. Isipotayarishwa, inaweza kuua kikundi, na inaweza hata kuua mtu.

Pesa kwanza

Tulipoanza upya tuliweka sheria. Pesa za merry-go-round na za mkopo haziguswi. Anayetaka safari anaweka shilingi 50 kila wiki katika kitabu cha peke yake. Wiki 52 ni shilingi 2,600. Ni pesa ya kuku watatu au wanne, na hakuna anayeumia.

Ndugu zetu Waislamu kule Mumias wana funzo zuri. Anayetaka kwenda kuhiji Makka hutakiwa kwanza alipe madeni yake, aache matumizi ya nyumbani ya kutosha, na aombe msamaha kwa aliowakosea. Nasi tukaiga. Mwenye deni la kikundi analipa kwanza, ndipo anaandikwa jina.

Mwenye gari tunamlipa sehemu ya kwanza kwa risiti, sehemu ya pili siku ya kuondoka tukishaliona gari, na iliyobaki tukisharudi. Mkataba ni ukurasa mmoja tu: tarehe, saa, mahali, bei, na nini kitafanyika gari likiharibika. Watu wawili wa kikundi wanakwenda kulikagua gari siku moja kabla: tairi, tairi ya akiba, taa, bima, na mikanda ya kila kiti. Tangu mwaka 2004 sheria ya Kenya inadai mikanda na kidhibiti mwendo katika magari ya abiria, mwisho kilomita 80 kwa saa. Dereva akipita hapo, usione haya. Mwambie, "Kijana, sisi ni mama zako, punguza."

Twende wapi? Anza karibu

Wengi wetu tunataka kwenda mbali kabla ya kuona kilicho mlangoni. Hebu niulize: ni wangapi hapa wameingia Msitu wa Kakamega bila kutafuta kuni? Inueni mikono. Mnaona!

Huo msitu ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua uliounganika zamani na ule wa Kongo. Una aina zaidi ya 300 za ndege, na watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwaangalia. Sisi tunapanda matatu hadi Shinyalu, kisha boda boda mpaka Isecheno. Nendeni asubuhi na mapema, kwa sababu kwetu mvua hupenda kunyesha mchana. Vaeni viatu vilivyofunika mguu. Chukueni mwongozaji, maana ndani njia zinafanana. Muulize kiingilio ofisini kabla ya siku yenyewe, mpange pesa mkijua. Mkiweza, pandeni kilima cha Lirhanda muuone msitu wote ukiwa chini yenu. Utajua ni nini tunachokata.

Na kwa vikundi kuna sababu nyingine. Pembeni mwa msitu kuna kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru. Wao hupanda mmea wenye harufu ya kafuri, wakatoa mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Ni wakulima kama sisi. Mkiwatembelea, msiulize tu "mnapata pesa ngapi?" Ulizeni walianzaje, walikosana wapi, nani anashika kitabu.

Namugongo

Sasa twende ng'ambo. Wengi hufikiri habari ya Namugongo ni ya Waganda tu. Kumbe sehemu yake moja imepita hapa kwetu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanglikana alitoka pwani kwa miguu, akapita nchi ya Wamaasai, akafika Mumias, wakati huo pakiitwa Kwa Sundu. Hapo alimwacha William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa na akakombolewa, pamoja na wapagazi wengi. Yeye akaendelea na watu 50. Hakujua kwamba Kabaka Mwanga aliwaogopa wageni wanaoingia kutoka mashariki. Wageni wa kabla yake walikuwa wakifika kutoka kusini mwa ziwa. Tarehe 29 Oktoba akauawa Busoga, na watu wake karibu wote wakafa. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa Kabaka, alikemea tendo hilo, naye akauawa mwezi uliofuata. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto pale Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Mimi husikia funzo la msafiri ndani ya habari hiyo. Askofu alikuwa mtu mwema na jasiri, lakini wema hautoshi. Kabla ya kuingia kwa mwenyewe, uliza mlango ni upi.

Basi tuulize. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho chenyewe, si picha yake ndani ya simu. Mtoto asiye na kitambulisho atafutiwe hati ya kusafiria mapema katika ofisi ya uhamiaji, tena asisafiri na mtu asiye mzazi bila barua. Chanjo ya homa ya manjano ulizeni kituo cha afya wiki kadhaa kabla. Cheti chake, tangu mwaka 2016, kinatambuliwa kwa maisha yako yote, kwa hivyo kitunze kama hati ya shamba. Ulizeni pia kama kuna ugonjwa uliotangazwa kule, kwa maana Uganda imepatwa na Ebola zaidi ya mara moja.

Njia yetu ni Mumias hadi Busia. Busia ndipo jina boda boda lilipoanzia, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Siku hizi kuna kituo kimoja cha pamoja, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018: maofisa wa nchi zote mbili hukaa upande unaoingia, ukapiga foleni mara moja. Usipite njia za panya eti kwa kuwa Wasamia wako pande zote mbili na ni shemeji zako. Ukipata shida ndani bila muhuri, utajieleza vipi?

Badilisheni pesa katika duka lenye ofisi na risiti. Wanaokuja dirishani na mafungu ya noti wana vidole vyepesi. Shilingi ya Uganda ni ya maelfu, na mtu akiona 50,000 mkononi anajidhani tajiri. Kabla ya kuvuka, mweka hazina awaandikie wote kwenye karatasi: soda ni ngapi kwa pesa yetu, choo ni ngapi, chakula ni ngapi. Gawanyeni pesa za kikundi kwa watu watatu. Mmoja akiibiwa, mtarudi nyumbani.

Mtapita Bugiri na Iganga, mfike Jinja, mahali Mto Nile unapotoka ziwani na kuanza safari yake hadi Misri. Kuna daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Msitoe simu kupiga picha darajani, askari hawapendi. Mbele kuna msitu wa Mabira, kisha Namawojjolo, ambako nyama na ndizi za gonja zilizochomwa hupitishwa dirishani. Kuleni chenye moto.

Namugongo kwenyewe, mwanzoni mwa Juni, watu ni wengi kama siafu. Baadhi yao wametembea kwa miguu kutoka nchi za jirani, hata kutoka Kenya. Kanisa la Wakatoliki na mahali patakatifu pa Waanglikana ni sehemu mbili tofauti, kwa hivyo semeni wazi mnakutana wapi. Kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye jina lake, jina la kikundi, namba mbili za simu na ugonjwa alio nao. Mzee asitembee peke yake, aoanishwe na kijana. Mkitaka kuona mahali penyewe kwa utulivu, nendeni mwezi mwingine. Mashahidi wako pale mwaka mzima.

Mwambao

Wenye akiba kubwa wanaweza kwenda Pwani, zaidi ya kilomita 850 kutoka hapa. Treni ya Nairobi hadi Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho, na mizigo hukaguliwa, kwa hivyo fikeni mapema. Lakini angalieni: stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, zote mbali na mji. Nauli ya kutoka hapo iwe kwenye hesabu. Bahari ni nzuri kwa macho, lakini asiyejua kuogelea asipite magoti. Na mavazi yetu yaheshimu wenyeji.

Kwa kikundi, mahali pa kujifunza ni Gazi, Kwale. Wanakijiji hutunza mikoko, na tangu mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja umeuza hifadhi ya kaboni. Pesa zake zimesaidia maji na shule. Sisi wa msituni tukae nao, tuwaulize waliafikiana vipi.

Vitu vya kubeba

Mahujaji wanaotembea kwenda Santiago de Compostela kule Uhispania hushauriana kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 70 abebe kilo saba. Sisi hubeba nyumba! Bebeni haya:

1. Dawa zenu za presha, sukari au pumu, za siku mbili zaidi ya safari, mkononi, si juu ya gari.
2. Maji, sukari kidogo na chakula kisichoharibika.
3. Sweta, leso na chandarua.
4. Kitambulisho, na nakala yake kwa kiongozi.
5. Daftari na kalamu.

Tena sheria moja isiyovunjwa: usiku tunalala, hatusafiri. Kama gari litachelewa kuondoka, tunaahirisha. Aibu ya kuahirisha hupona.

Mavuno

Hiyo kalamu ni ya nini? Kila msafiri anaandika jambo moja atakalolifanya nyumbani. Ndani ya wiki moja tunaketi, hesabu inasomwa mpaka shilingi ya mwisho, na waliobaki wanasimuliwa. Aliyebaki akitunza ng'ombe za waliokwenda naye amesafiri.

Yule mama mgonjwa alikuwa mtu wa kwanza kuniambia, "Tutarudi Namugongo, lakini safari hii nitashika kitabu mimi." Akakishika. Tulikwenda, tukafika siku moja kabla, tukakaa ndani ya Misa tangu mwanzo hadi mwisho. Mahesabu yaliposomwa, zilibaki shilingi 1,340. Tulipiga makofi kuliko siku ile ya kwanza. Na kati ya wale saba waliotoka, watano wamerudi.



*Maswali ya kujadiliana katika kikundi*

1. Je, tukienda safari, pesa zitatoka wapi, na nani ataziandika?
2. Ni mahali gani karibu na Shieywe ambapo hatujawahi kujifunza?
3. Ni nani kati yetu anahitaji uangalizi wa pekee njiani?