"Bure" ni bure kwa nani?

Wenzangu, kila kampeni tunaambiwa: "Masomo kwa TV ni bure." Si tuulizane, bure kwa nani?

Kenya ilihama analojia mwaka 2015. Tangu hapo, TV ya zamani bila king'amuzi ni fanicha tu. Machi 2020 shule zikafungwa, vipindi vya KICD vikawa hewani. Nilikuwa kidato cha pili. Kwetu stima ilikuwepo, TV ilikuwepo, king'amuzi hakikuwepo. Nilisomea dirishani kwa jirani, daftari kwa goti, kwa sababu korona ilikataza kuingia ndani.

Mawimbi hayalipishwi, ni kweli. King'amuzi kinanunuliwa, na stima pia. Kwa hivyo mtu akikuahidi "bure", muulize: kifaa ananunua nani, na mawimbi yanafika wapi?